Atakuja Saa Sita

Watoto walimwita Mwalimu tu, kama walivyotuita sote. Wazazi ndio waliombandika jina la Mwalimu Kamasi, na hawakulificha, wala yeye hakulichukia. Wiki mbili za mwanzo wa kila mwaka alitembea na vitambaa sita mfukoni, vipande vya shuka kuukuu alivyovikata mwenyewe, na ikifika saa sita mchana vyote sita vilikuwa vimelowa. "Wenzangu wamepewa vyeo," aliniambia siku moja akivianika dirishani, "mimi nimepewa kamasi."

Mimi nilifundisha darasa la pili, ukuta mmoja naye, kwa miaka kumi na minne. Kila mtoto niliyempokea alikuwa amepita mikononi mwake, anajua kufunga viatu, kujipangusa, kuomba ruhusa na kungoja zamu. Darasa la kwanza hakulichagua. Alikuja shuleni akiwa binti aliyefaulu hesabu kuliko wenzake wote chuoni, akitarajia kufundisha wakubwa. Mwalimu mkuu wa wakati ule akamtazama, akaona ni mwanamke na ana sauti, akamwambia, "Wewe utawaweza wadogo." Ilikuwa iwe mwaka mmoja. Ikawa ishirini na sita.

Lakini kazi aliijua. Jumamosi ya mwisho kabla shule haijafunguliwa aliwaita wazazi wa watoto wapya, akawakalisha kwenye yale madawati madogo, magoti yakigusa videvu, ili waone wenyewe mtoto atakaa wapi. Hakuwahutubia. Aliwauliza maswali. Mwanao anajua jina lake kamili, au anajua "Kadogo" basi? Anaweza kufungua kifungo cha kaptura kabla mambo hayajaharibika? Akibanwa na haja anasemaje? "Maana kila nyumba ina neno lake. Mwaka juzi mtoto alikuwa ananiomba kwenda kwa mjomba, namwambia mjomba wako hayupo hapa, kaa chini. Kumbe kwao choo ndiyo mjomba."

Wakishacheka, hapo ndipo aliposema ya kusema. Mlete mtoto siku moja kabla, aguse ubao, aone choo kilipo. Siku yenyewe muage mara moja, uende. Usimtoroke akiwa ametazama pembeni, kwa sababu mtoto aliyetorokwa hatageuza shingo tena. Usimdanganye kwamba unakwenda hapo dukani kumnunulia kitu. Mwambie utarudi lini, na urudi. "Mtoto hajui saa," alikuwa akisema, "lakini neno analijua."

Siku ya kwanza alisimama langoni mwenyewe. Aliushika mkono wa mtoto kabla mzazi hajauachia, ili mkono ule usibaki hewani hata kidogo. Kisha akainama na kusema, "Mama atakuja saa sita." Au baba, au bibi, kufuatana na aliyemleta. Mwaka mmoja baba mmoja, bonge la mtu, mbeba magunia wa sokoni, alimwacha binti yake anacheka, halafu akakutwa nyuma ya choo cha walimu anajifuta macho kwa kofia. Mwalimu Kamasi alimpelekea kitambaa. "Utazoea, baba," akamwambia, na yule bwana akapenga kamasi kama tarumbeta.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, kwenye ile Jumamosi alikuwapo fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeshonea kibarazani mwa duka la vitambaa, na nusu ya sare za shule yetu zilipita chini ya sindano yake. Aliishi na mama yake mzazi, kaka yake aliyekuwa fundi baiskeli, na binti mmoja, ndiye aliyekuwa anaanza. Alikaa dawati la nyuma kabisa. Mkutano ulipokaribia kwisha aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, na kama mzazi hataweza kurudi?"

"Atume mtu," alisema Mwalimu Kamasi. "Cherehani haikimbii, mama. Iache, uje."

Watu wakacheka. Yule fundi naye akacheka kidogo, akashusha mkono.

Shule ilipofunguliwa, mtoto wa fundi alikuja na sare ambayo sote tuliichungulia. Gauni lilimkaa sawasawa, lakini pindo lake lilikuwa kubwa ajabu, shibiri nzima ya kitambaa imekunjwa na kushonwa kwa ndani, mikono nayo vivyo hivyo. "Huyu hatashonewa tena mpaka darasa la nne," nilisema. Mwalimu Kamasi akajibu kwamba mganga hajigangi lakini fundi kumbe hujishonea.

Mtoto alilia. Hilo halikuwa jambo. Jambo ni kwamba mama yake hakuondoka. Alikaa chini ya dirisha la darasa, juu ya tofali, mgongo ukutani, na kila baada ya muda mtoto alisimama kwenye benchi kuhakikisha kile kitambaa cha kichwani bado kipo. Kikiwapo, alikaa. Wiki ya kwanza Mwalimu Kamasi alivumilia. Wiki ya pili watoto wengine walianza kuuliza kwa nini mama yake huyu yupo na mama zao hawapo, na waliokuwa wameshanyamaza wakaanza upya. Watoto arobaini na saba, kilio kimoja kikishika kinasambaa kama moto wa nyasi. Nikisomesha upande wangu nilikuwa nikipaza sauti mpaka koo likauma.

Jumatatu ya wiki ya tatu alimfuata pale langoni, wazazi wengine wakiwapo, nami nikiwapo.

"Mama, leo unaenda."

"Niachie wiki hii tu, mwalimu."

"Wiki iliyopita ulisema wiki hii tu."

"Najua. Nakuomba. Nikae kimya kabisa, hata asinione."

"Unamlemaza mtoto." Sauti yake ilikuwa imepanda; hakuwa amelala vizuri, na mwalimu mkuu alikuwa ameshamwuliza mara mbili kulikoni darasani kwake. "Wenzako wote wameacha watoto wao hapa, na wao wana uchungu vilevile. Mtoto hana shida, mama. Shida ni wewe."

Ulimi hauna mfupa. Wale wazazi wakatazama chini. Yule fundi akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona. Alikuwa na jambo la kusema, na pale langoni, mbele ya wale watu, hapakuwa mahali pa kulisemea. Akapiga magoti, akamnyoosha mtoto kola, akamwambia, "Msikilize mwalimu." Akaenda zake bila kusema lini atarudi.

Mtoto alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka masikio yananisisimka. Mwalimu Kamasi alimkumbatia kiunoni, miguu inapiga hewani, akawa anamwambia sikioni, "Mama atakuja saa sita. Mama atakuja saa sita. Sikia, mimi nimekwambia."

Na saa sita mama alikuja. Siku ya pili pia, na ya tatu. Siku nane mfululizo alikuwa langoni kabla kengele haijalia, amejishika kwenye chuma cha geti. Siku ya nne mtoto hakulia tena. Siku ya sita aliimba. Mwalimu Kamasi alinifuata darasani kwangu kwa furaha, "Umemsikia? Ile sauti nyembamba ni yeye!" Nilimpongeza. Sote tuliona ameshinda.

Alhamisi, siku ya tisa, langoni alisimama mjomba wa mtoto, yule fundi baiskeli, mikono bado ina grisi. Hakuwa akimtazama mtu. Watoto walipokwisha kuchukuliwa tukabaki sisi wanne.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, akampa mtoto mgongo. "Dada amefariki. Saa tatu asubuhi, hospitali. Huyu hajui. Nyumbani watu wameshajaa."

Mwalimu Kamasi aliweka mkono kifuani.

"Nimeshindwa kumwambia," mjomba aliendelea. "Tena hataki kutoka. Wewe ndiye unayewajua watoto."

Mtoto alikuwa ameng'ang'ania geti kwa mikono miwili, begi mgongoni. Alisema bila kulia, kama anayeeleza sheria, "Siendi na mjomba. Mwalimu amesema mama atakuja saa sita."

Mjomba akajaribu kumbandua vidole, kimoja kimoja, na kila alichokibandua kikarudi.

Mwalimu Kamasi akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na sikufungua kinywa. Aliushika uso wa mtoto. Akasema, "Mama yuko nyumbani. Anakungoja. Yeye ndiye amemtuma mjomba."

Mtoto alimtazama. Halafu akaachia geti, akaondoka mbio, begi likimpiga mgongoni, mjomba nyuma yake anamkimbilia na kumwita apunguze.

Tulikwenda msibani pamoja jioni ile. Bibi wa mtoto alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, akatukaribisha vizuri, hana kinyongo usoni. Labda hilo ndilo lililouma zaidi. Alitusimulia bila kuulizwa. Kwamba ugonjwa ulikuwa mwaka wa pili sasa. Kwamba daktari alikuwa amemwambia mwanawe wazi asihesabu miezi mingi. Kwamba sare ile aliishona siku tatu, akiichomekea kitambaa cha kukulia, akisema atakayekuja kuifumua asipate tabu, uzi ameacha mrefu. "Alitaka amwone amekaa darasani," bibi alisema. "Basi. Hakutaka kingine. Nilimwambia, mwambie mwalimu hali yako. Alirudi ile Jumamosi akasema, mwalimu ana watu wengi, mama, nitamwambia siku nyingine."

Mwalimu Kamasi alikuwa anautazama mkeka.

"Na huyu mdogo," bibi akaendelea, "sijui nani alimwambia mama yupo. Aliingia hapa mbio anaita, 'Mama, nimekuja!' Watu wote hawa. Akaenda chumbani, akaenda jikoni, akafungua hata choo. 'Mama, nimekuja!' Ilibidi mjomba wake amkamate."

Nilingoja mwenzangu aseme. Alisema. "Ni mimi, bibi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Bibi alimtazama muda mrefu. "Haya," alisema. Mtoto alitokea mlangoni, akamwona mwalimu wake, akarudi ndani.

Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Miaka yote hii nawaambia wazazi wasidanganye mtoto," alisema. "Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. La kweli lilikuwa zito, nikatoa lile jepesi."

"Ungefanya nini? Ungemwambia pale barabarani?"

"Ningekwenda naye. Ningemshika mkono, nikatembea naye bila kusema kitu. Dakika kumi tu. Ningeweza."

Kweli angeweza. Nami ningeweza.

Mtoto alirudi shuleni baada ya siku kumi. Hakulia. Hakulia tena hata kidogo, si siku ile wala mwaka ule. Alikaa alipokaa zamani, akaandika herufi zake zimenyooka kama zimepigwa rula, akanyamaza alipoambiwa anyamaze. Ila lilizuka jambo moja ambalo mgeni asingeligundua. Mwalimu Kamasi akisema chaki zimekwisha, mtoto aliinuka kimya kimya akaenda kuchungulia boksi. Akisema nje kunanyesha, mtoto alikwenda dirishani. Akisema kesho kutakuwa na mchezo, mtoto aliwauliza wengine wawili watatu, halafu akaja mpaka kwangu, darasa la pili, kuuliza kama ni kweli. Hakuwa na utovu wa adabu. Alikuwa anahakiki tu, na akikuta ni kweli alirudi kukaa.

"Mchape basi," mwalimu mmoja alishauri.

"Kwa kosa gani?" alijibu Mwalimu Kamasi. "Kwa kutaka kujua kama nasema kweli?"

Siku moja alimbakisha wakati wa mapumziko. Alinieleza mwenyewe baadaye. Alikaa kwenye benchi la watoto ili walingane, akamwambia, "Siku ile nilikudanganya. Nilikwambia mama anakungoja, na haikuwa kweli. Nilikosea sana. Naomba unisamehe."

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. "Najua," alisema. Kisha, "Naweza kwenda kunywa maji?"

"Nenda."

Akaenda kunywa maji. Mwalimu Kamasi alibaki kwenye benchi mpaka kengele ilipolia, na hilo halikurudiwa kuzungumzwa kati yao.

Muhula wa tatu alikuja afisa elimu kutukagua. Mwalimu mkuu, mtu wa kujitutumua mbele ya wageni, alimwingiza darasa la kwanza, akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtoto. "Huyu, mheshimiwa, ndiye aliyetusumbua kuliko wote mwanzoni. Wiki mbili analia, mama mtu hatoki dirishani. Mwone sasa. Hana shida hata kidogo. Ni utaratibu wa mwalimu wetu huyu."

Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Akamwuliza Mwalimu Kamasi siri yake ni nini.

"Mama yake alikufa," alijibu.

Mwalimu mkuu akakohoa. Afisa akasema pole, akapita kuangalia madirisha. Kwenye ripoti yake, niliyoisoma ofisini mwezi uliofuata, darasa la kwanza lilisifiwa kwa watoto kuzoea shule upesi.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya wazazi, Mwalimu Kamasi hakuuliza habari za vifungo. Alisema, "Kama nyumbani kwako kuna ugonjwa, kuna mtu anayeondoka, kuna jambo lolote mtoto analihisi na mimi silijui, nitakaa hapa mpaka jioni. Njoo mmoja mmoja. Na anayetaka kukaa dirishani akae, sitamfukuza." Walikuja watatu kumwona. Siku ya kwanza ya shule wakakaa wazazi wanne dirishani, siku ya pili kumi na mmoja, wengine na vibuyu vya maji na watoto wachanga, wanaitana, wanapunga mikono, wanasahihisha majibu. Watoto walilia mwezi mzima. Mwalimu mkuu akapiga marufuku mzazi yeyote kuvuka lango, akaandika tangazo na kuligonga mwenyewe kwa misumari. Kisha akamwita Mwalimu Kamasi ofisini akamwambia kwamba anamwona amechoka, lakini kwa kuwa hakuna mwingine anayelitaka darasa la kwanza, itabidi ajikaze.

Alijikaza. Aliendelea kupokea watoto langoni, anawashika mikono vizuri kama zamani, anawafuta pua. Ile sentensi yake aliiacha. Watoto wapya walipouliza mama atarudi lini, alisema, "Sisi tunatoka saa sita," wakamtazama wakingoja iliyobaki, naye akageukia mwingine. Walichukua muda mrefu zaidi kuzoea. Wazazi walianza kunong'ona kwamba shule ya upande wa pili wa barabara ina mwalimu kijana, mchangamfu zaidi.

Nilimpokea yule mtoto darasa la pili. Kwangu hakuchungulia boksi la chaki. Nilichosema alikiamini. Sikumwambia mwenzangu, lakini alijua. Watoto husikika kupitia ukuta.

Alipokuwa anamaliza darasa la nne, mjomba wake alipata kazi mji mwingine na familia ikawa inahama. Bibi alikuja kuchukua barua ya uhamisho. Mtoto alikuja naye, lakini alibaki nje ya ofisi, amekaa kwenye ngazi, mrefu sasa, miguu imenyooka mbele. Mwalimu Kamasi aliposikia, aliwaachia watoto wake kazi ya kuchora, akachukua mkoba wake, akamkuta bibi kwenye korido. Nilikuwa nakwenda ofisini, nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo tunaondoka."

"Nimesikia. Kuna kitu nilimnunulia." Alitoa mkobani kamusi, ndogo, mpya, bado ina harufu ya kiwanda. "Anapenda kusoma, naambiwa."

Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza. Akatupa jicho kwenye ngazi. "Ni nzuri sana. Nitampa." Akasita, akashusha sauti. "Lakini sitamwambia imetoka kwako, mwalimu. Nitasema ya mjomba. Unamjua alivyo. Akijua ni yako hataipokea."

"Mwambie ni yangu, bibi."

"Hataipokea, nakwambia."

"Asipokee."

"Si afadhali aipate? Kitabu ni kitabu. Hatajua."

Mwalimu Kamasi alinyoosha mkono. Bibi hakuelewa mara moja, kisha akaelewa, akamrudishia ile kamusi polepole, anaona haya kwa niaba yake. Mwenzangu akaitia mkobani, akaufunga zipu.

"Safari njema, bibi."

"Amina, mwalimu. Ubaki salama."

Walishuka ngazi. Mtoto alisimama, akampokea bibi bahasha ya barua, wakavuka uwanja. Mwalimu Kamasi hakungoja wafike mbali. Darasani kwake watu wawili walikuwa wameanza kugombania penseli nyekundu, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia.